Bi. Goretti Abwola Anakabidhi Hema la Ajira

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Goretti Abwola, Mratibu wa Ofisi ya Ushauri wa Kazi, atafunga mlango wa ofisi yake kwa mara ya mwisho baada ya kukitumikia chuo chetu hapa Bugolobi kwa miaka ishirini na saba. Nimepewa heshima ya kuandika wasifu wake kwa kuwa nimekaa naye chumba kimoja cha ofisi muda mrefu, na pia kwa kuwa wenzangu wote walioombwa kabla yangu walisema hawawezi kuandika habari ya mahema bila kucheka.

Bi. Goretti alizaliwa Naguru, kwenye nyumba za polisi, binti wa Sajini Abwola wa Kitgum na Mama Acayo, aliyekuwa akishona sare za majirani. Nyumbani kwao watoto walizungumza Kiacholi na wazazi, Kiganda dukani, na Kiswahili popote palipopulizwa filimbi. Kiswahili hicho cha filimbi ndicho alichokuja nacho chuoni mwaka 1998. Mimi ni Zaid Maftah, mwalimu wa Kiswahili kutoka Kisugu, na katika ukoo wetu ngeli za nomino huheshimiwa kama wazee wa msikiti. Siku ya kwanza tulipokutana aliniambia, "Mwalimu, hii kiti yako iko gonjwa, ondoa yeye hapa." Nilitafuta nianze kusahihisha wapi. Bado natafuta.

Alianza kama karani wa mapokezi. Chuo kilipoamua kuandaa Siku ya Ajira kila mwaka, hakuna mwalimu aliyetaka kuisimamia. Mkuu wa wakati ule alimpa Bi. Goretti kazi hiyo kwa sababu moja tu: sauti yake ilisikika ng'ambo ya uwanja wa mpira bila kipaza sauti. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Ofisi ya Ushauri wa Kazi.

Kwa wasioijua, Siku ya Ajira ni siku ambayo kampuni huleta meza zao uwanjani, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho hupita meza kwa meza kujitambulisha. Miaka ya mwanzo wanafunzi waliichukulia kama sikukuu ya kupewa kalamu. Kijana mmoja, Oyat, alitoka hemani na kalamu, kofia, mifuko ya nguo na mwavuli wa kampuni ya rangi. Bi. Goretti alimuuliza amezungumza na nani. Hakuwa amezungumza na mtu. Basi alimrudisha hemani akaregeshe kila kitu mezani kilikotoka, na katika kila meza aeleze kwa nini anakiregesha. Alipofika kwa watu wa rangi na mwavuli wao, walimwajiri kwenye bohari yao, wakisema tangu waanze biashara hawajawahi kuona mtu anayeregesha kitu.

Tangu hapo Bi. Goretti akaanzisha mafunzo yake, ambayo wahitimu wetu wanayakumbuka kuliko hesabu za gharama. Alifundisha kwamba mwajiri haulizwi ana kazi gani; unasoma habari zake mapema, kisha unamwendea ukijua utamfaa wapi. Alifundisha kwamba usianze na meza unayoitamani zaidi, bali na ile usiyoijali, ili ulimi uzoee. Alifundisha kwamba ukishazungumza na mtu unachukua jina lake, na wiki inayofuata unampigia kumshukuru, hata kama alikuwa akipiga miayo. Kabla ya yote hayo alimtaka kila mwanafunzi aende nyuma ya jiko la chuo, asimame mbele ya tangi la maji, alisalimie, na alieleze yeye ni nani. Tangi halitabasamu wala halitikisi kichwa. Anayeweza kuzungumza na tangi, alisema, anaweza kuzungumza na mtu wa benki.

Wanafunzi wetu wote waliweza, isipokuwa Firdaus. Firdaus alikuwa binti wa Kisugu anayesoma uhasibu, mwenye alama nzuri na hofu kubwa ya watu. Alipopelekwa nyuma ya jiko, aliliomba radhi tangi kwa kulisumbua, kisha akaondoka. Bi. Goretti alimrudisha mara kadhaa, na kila mara binti yule aliishia kwenye kuomba radhi.

Hapo tumefika mwaka 2017, ambao bila huo nisingepewa kurasa zote hizi.

Mwaka ule ofisi yetu ilikuwa hatarini. Siku mbili za Ajira zilizotangulia zilipita bila mwanafunzi kupata kazi, na Mkuu wa Chuo alitangaza mbele ya wafanyakazi kwamba zamu hii ikipita vivyo hivyo, ofisi itafungwa na chumba kitakuwa kantini ya chapati. Bi. Goretti alikwenda akaongeza mazoezi ya tangi mpaka wapishi wakalalamika kwamba hawafikii maji.

Jumamosi yenyewe ilipofika, uwanja wetu ulikuwa na shughuli mbili. Chuo huwa kinakodisha uwanja mwisho wa wiki, na familia moja ya fleti za jirani, ambayo nyumbani kwao hapakuwa na nafasi ya wageni, ilikuwa imeukodi nusu kwa ajili ya kwanjula ya binti yao Benedicte, ile sherehe ambayo upande wa mume huenda kujitambulisha kwa wakwe. Mchumba, Masinde, alikuwa anakuja na jamaa zake kutoka Mbale. Ilikubaliwa kwamba hema la juu litakuwa la Siku ya Ajira na hema la chini litakuwa la kwanjula. Mwenye mahema, Bwana Okeny, alikuwa mmoja, na mahema yenyewe yalifanana kama mapacha: meupe, yenye utepe wa buluu.

Alfajiri Bwana Okeny aligundua kwamba waya wa umeme wa wapishi wa kwanjula haufiki chini. Akabadilisha. Kwanjula akaipeleka juu, Ajira akaileta chini, na kampuni zilipowasili akazielekeza mwenyewe kwa adabu kubwa. Nami nilikuwa huko chini nikipanga meza, nikadhani Bi. Goretti ameshaambiwa. Bwana Okeny naye akadhani nitamwambia. Kila mtu alikuwa ametulia kabisa.

Bi. Goretti aliwatoa wanafunzi madarasani wakiwa wamevaa suti na viatu vilivyong'aa, kila mmoja na wasifu wake ndani ya bahasha. Aliwapanga foleni kwa namna ya Naguru, akawapandisha moja kwa moja hadi hema la juu.

Sasa inabidi nieleze jambo la kwanjula. Desturi ni kwamba wenyeji hujifanya hawawajui wageni. Msemaji wao huwahoji kwa ukali wa mzaha: ninyi ni nani, mmetoka wapi, mmefuata nini hapa? Bwana harusi naye hukaa kimya, amejificha miongoni mwa wenzake, mpaka shangazi wa binti, anayeitwa ssenga, aje amtambue na kumbandika ua kifuani. Kwa hiyo wenyeji walipoona kundi la vijana wenye suti na bahasha, likiongozwa na mama mwenye sauti ya kamanda, hawakushangaa. Walisema pembeni kwamba huenda watu wa Mbale siku hizi wameacha kanzu.

Msemaji wa wenyeji alikuwa Mzee Lwanyaga, mtu ambaye kazi yake maisha yote ni kusemea familia za watu katika sherehe. Kwa heshima ya wageni wa Mbale alitumia Kiswahili. Aliwauliza wamefuata nini. Kijana wetu Oola, aliyekuwa mbele, alijibu kama alivyofundishwa kwamba wametafiti habari za nyumba hii, wameridhika nayo, na sasa wanatafuta nafasi. Hema lote lilipiga makofi. Mzee Lwanyaga aliuliza nafasi gani hasa. Oola akasema yoyote, wako tayari kuanzia chini. Mzee alikiri baadaye kwamba hakuwahi kusikia wakwe wanyenyekevu kiasi kile.

Wakaulizwa wameleta nini mkononi. Wakatoa bahasha. Katika kwanjula bahasha hupokewa kwa vigelegele na hazifunguliwi hadharani, kwa hiyo kina mama waliokuwa wamevaa gomesi, magauni marefu ya sherehe, walizipokea kwa kupiga magoti, wasifu baada ya wasifu, wakazitia kwenye kikapu kilichopambwa. Wanafunzi walitazamana. Hakuna kampuni iliyowahi kuwapokea hivyo.

Ni hapo Bi. Goretti, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipoiona keki ya ghorofa na wapiga ngoma. Alielewa mara moja. Aliinua mkono kusimamisha mambo, akawa amevuta pumzi kabisa. Lakini wakati huohuo Mzee Lwanyaga alimnyoshea fimbo Firdaus, aliyekuwa amejibanza nyuma ya wenzake, akasema yule binti mkimya naye aseme amekuja kufanya nini. Firdaus alisimama. Alikaa kimya mpaka wapiga ngoma wakageuka kumtazama.

"Mimi naogopa watu," alisema. "Hata tangi ya maji naogopa. Lakini nikisema kitu ni kweli, na nikipokelewa mahali siondoki. Mkitaka mtu wa kuchekesha, chukueni mwingine. Mkitaka mtu wa kukaa, mimi nitakaa."

Kina mama kadhaa walijifuta macho. Mzee mmoja wa ukoo alisikika akisema kwamba hata kama huyu ni dada wa bwana harusi tu, inatosha. Na Bi. Goretti, mkono ukiwa bado juu, aliushusha polepole, akaufanya kana kwamba alikuwa anajikuna. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuwazuia, alinijibu, "Huyo mtoto alikuwa naongea, Mwalimu. Sasa mimi namzimisha kwa sababu ya hema?"

Kwa kuwa hakuzuia, mambo yalisonga mbele. Ssenga alitoka kumtafuta bwana harusi. Alipita akiwatazama vijana mmoja mmoja, akasimama kwa Oola, ambaye alikuwa amezungumza vizuri na pia alikuwa mrefu, akambandika ua kifuani. Ngoma zikalia. Oola alielewa kwamba amechaguliwa. Kama tulivyomfundisha, aliuliza maswali yake mwenyewe mwishoni: anaanza lini, na je, kuna muda wa majaribio?

Ssenga alimtazama kwa mshangao mkubwa. "Mwanangu," alisema, "hapa hakuna majaribio."

Wakati hayo yakitokea, mimi nilikuwa hema la chini na waajiri wasio na wanafunzi. Ghafla waliingia watu wazima wenye kanzu na makoti, kina mama wenye gomesi, vikapu vya mananasi na sabuni vichwani, sofa moja imebebwa na vijana wanne, na mbuzi. Nilidhani ni wazazi. Walipiga magoti mbele ya meza ya kampuni ya bima, wakaweka vikapu, wakamfunga mbuzi kwenye mguu wa meza. Watu wa bima walinong'onezana kwamba chuo kimebadilika sana.

Msemaji wa watu wa Mbale aliamkia, akasema wamesikia katika nyumba hii kuna ua, nao wamekuja kuliomba. Kwenye meza iliyofuata alikaa Bi. Habibah, afisa ajira wa kampuni ya vyumba vya baridi kule viwandani, mwanamke asiyependa kupoteza muda. Alisema maua hawana, wao wanahifadhi nyama na maziwa, ila anataka kujua nani hasa kati yao ndiye anayeomba. Wazee walifurahia ukali wake. Kwa kuwa alikataa kuzunguka, walivunja desturi wakamsimamisha Masinde mwenyewe.

Bi. Habibah alimuuliza anajua kufanya nini. Masinde alisema ni fundi wa majokofu. Akamuuliza anafanya kazi wapi kwa sasa.

Niliona jasho likishuka kwenye kola ya kanzu ya yule kijana. Kumbe karakana alikofanya kazi ilikuwa imefungwa miezi iliyopita, na hakuwa amemwambia Benedicte, wala wakwe, wala hata wazee waliomleta. Alikuwa amepanga kudanganya siku ile. Lakini alitazamwa na Bi. Habibah, na watu wengi waliowahi kutazamwa na Bi. Habibah wanasema hawakuweza.

"Sina kazi, nyabo," alisema, akimwita bibi kwa Kiganda. "Nilikuwa nayo. Imeisha. Nimekuja bila kazi, na nampenda."

Mjomba wake alikaa kwenye sofa waliyoileta. Mama mmoja alifunika uso. Bi. Habibah aliandika kitu, akasema kumpenda nani hakumhusu, ila kama hana kazi basi ni vizuri, kwa kuwa yeye anahitaji fundi anayeweza kuanza mara moja, na mtu anayesema ukweli mbele ya ukoo wake wote atasema ukweli pia jokofu likiharibika na nyama ikioza. Akamwambia afike kiwandani Jumatatu. Masinde aliangua kilio. Wazee wa Mbale walisimama wakamshukuru Mungu kwa kuwapa wakwe ambao, badala ya kumdharau mkwe asiye na kazi, wanampa kazi. Kisha wakauliza kwa upole kama sasa wanaweza kumwona binti.

Bi. Habibah aliuliza, binti gani?

Nilitoka nje nikampigia simu Bi. Goretti. Nilimwambia huku kuna watu wenye kanzu wanatafuta ua. Alisema, "Ua iko huku. Wamebandika kwa Oola."

Kilichofuata ndicho kilichomfanya Bi. Goretti awe gumzo Bugolobi. Mtu mwingine angekimbia huku na kule akiomba msamaha. Yeye aliingia katikati ya hema la juu, akawaambia wenyeji kwa sauti ya baba yake kwamba hawa ni wanafunzi, wageni wao halisi wako chini, na hakuna mtu atakayeaibika kama kila mmoja atatembea kwa utaratibu. Mzee Lwanyaga alitazama kikapu cha bahasha. Kisha alianza kucheka, na alipocheka yeye, ukoo wote ulipata ruhusa.

Foleni mbili zilipishana kwenye mstari wa katikati ya uwanja: suti zikishuka, kanzu zikipanda. Ssenga alikuwepo kumbandua Oola ua na kumbandika Masinde, ingawa alilalamika kwamba yule wa kwanza alikuwa mrefu zaidi. Mbuzi alichelewa, kwa sababu alikuwa amekula vipeperushi vya bima ya maisha na watu wa bima walitaka kwanza kujadiliana. Oola alishuka akiwa na huzuni ya kweli. Alisema ilikuwa kazi pekee aliyowahi kupewa kwa ngoma. Na Masinde, aliposimama mbele ya wakwe zake halisi na kuulizwa anafanya kazi wapi, alijibu kwamba yuko kwenye vyumba vya baridi viwandani. Ulikuwa ukweli wa muda usiozidi robo saa. Usiku huohuo alimweleza Benedicte yote, na tunajua hivyo kwa sababu Benedicte mwenyewe ndiye anayesimulia, akiwa na watoto wawili magotini.

Siku ile wanafunzi wetu waliofika hema la chini walikuwa wameshahojiwa na ukoo mzima, hivyo meza za kampuni hazikuwatisha tena. Wengi walipata nafasi. Firdaus hakufika chini kabisa. Mzee Lwanyaga alimzuia mlangoni, akamwambia amezeeka, anatafuta mtu wa kumrithi katika kazi ya usemaji, na kwamba kwa miaka yote amesikia watu wakisema maneno matamu, ila hajasikia mtu akisema maneno machache. Leo Firdaus hukodiwa kila Jumamosi, na familia humtaka hasa kwa ajili ya ule ukimya anaouanza nao. Bado anaogopa watu. Anasema sasa wao pia wanamwogopa kidogo, na hiyo inasaidia.

Mkuu wa Chuo aliposoma ripoti, alimkuta Masinde kati ya walioajiriwa, akasema huyu si mwanafunzi wetu. Bi. Goretti alikuwa ameshaliona hilo. Alikuwa amemwandikisha kozi ya jioni ya kompyuta, na Masinde, ambaye hathubutu kumkatalia lolote, aliimaliza na kufaulu vizuri. Chapati zinauzwa hadi leo nje ya geti.

Mafanikio mengine ya Bi. Goretti ni mengi: kampuni za viwandani zinazorudi kila mwaka, wahitimu waliotawanyika kutoka Gulu hadi Goma, na wapishi ambao hatimaye wamejengewa tangi la pili. Hajawahi kuchelewa kazini, na hajawahi kukubali kwamba kiti ni cha ngeli yoyote.

Septemba mwaka huu aliongoza Siku yake ya mwisho ya Ajira. Saa nne alinikabidhi filimbi, akasema anakwenda kupumzika. Baadaye nilimwona kwenye foleni, nyuma ya vijana wenye miaka ishirini na kidogo, amevaa suti ya kijivu na ameshika bahasha. Alianza na meza asiyoijali. Alipofika kwa kampuni changa ya magodoro, kijana aliyekuwa pale alimuuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano. Bi. Goretti, mwenye miaka sitini, alimwambia atakuwa amelala, na kwa hiyo magodoro yanamhusu. Wiki iliyofuata alipiga simu kumshukuru. Wakamchukua kama mwanagenzi, kwa kuwa hakuna mahali walipoandika umri.

Ataanza Jumatatu, tarehe 1 Desemba. Kampuni hiyo inataka kila mwanagenzi alete barua ya utambulisho iliyotiwa saini na Ofisi ya Ushauri wa Kazi ya chuo chake. Bi. Goretti alikataa kujisainia mwenyewe. Alisema huo ni upendeleo. Kwa kuwa mimi ndiye nitakayekaa kwenye meza yake, aliniletea ombi lake jana, akasimama mbele yangu, na nilipomwambia nitatia saini mara moja alinikatalia. Alinitaka nimuulize kwanza yeye ni nani.

Nilimuuliza. Alijibu vizuri sana.

Bi. Goretti, chuo kinakushukuru kwa kila kijana uliyemsimamisha wima. Mungu akupe afya, magoti yenye nguvu na wakubwa wa kazi wenye subira. Jumatatu ufike mapema, na ukiona mahema mawili, uliza.